Shangazi Aliyekula Sufuria

Karibu, keti upande huu wenye upepo. Chai ina tangawizi, na kachori hizo ni za asubuhi hii. Leo nataka nikusimulie habari za pikipiki moja, ingawa najijua: nitapita kwanza kwa fundi, kwenye sufuria, na hata mpakani Horohoro, ndipo nifike ninakokwenda.

Tuanze na mlio. Pikipiki za siku hizi hupita kama nyigu, ukigeuka zimeshaishia. Ile ya mjomba ilikuwa na mwendo wa mtu mzima: tuku, tuku, tuku, kila pigo na nafasi yake, hata ungeweza kusema Bismillahi baina ya pigo moja na jingine. Wazee wetu wa Tanga hawakuiita pikipiki, waliiita tukutuku, na ukiisikia ikipanda kutoka barabara ya Pongwe magharibi hukuwa na haja ya kuuliza jina hilo limetoka wapi. Kuku walitawanyika. Mke wa mjomba aliongeza kikombe cha maji kwenye birika. Nasi watoto tulikimbilia barabarani kugombea nani atashika lango.

Mjomba alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya Muheza akizungumza na watu habari za michungwa, minazi na muhogo, na njia zenyewe zilikuwa za matope wakati wa masika na za vumbi jekundu miezi mingine. Chombo chake kilikuwa BSA M20, pikipiki iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Ilikuwa na silinda moja kubwa, sentimita za ujazo 496, na gia nne. Gia ilikanyagwa kwa mguu wa kulia na breki kwa mguu wa kushoto, kinyume kabisa na pikipiki za Kijapani, kwa hiyo aliyezoea Honda akiipanda hii alikanyaga gia akidhani anafunga breki. Jeshi la Waingereza lilizichukua kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili, zaidi ya 120,000 zikatoka kiwandani. Ya mjomba ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, lakini ukikwangua tangi kwa ukucha ulikutana na rangi nyekundu, na chini ya nyekundu kijani cha jeshi. Aliinunua mwaka 1968 kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akifungasha mizigo yake, mwaka mmoja baada ya mashamba mengi kutaifishwa.

Mjomba aliipa jina Shangazi. Alisema ni kwa sababu asubuhi huwezi kuiendea vivi hivi. Kwanza uisalimie: ufungue bomba la petroli, uibonyeze kabureta kidogo hadi mafuta yachuruzike, urudishe nyuma kile kijishikio cha moto kilicho kwenye usukani, ndipo upige kiki moja ya heshima. Ukikosea hatua moja, kiki inakurudi mguuni kwa nguvu ya punda.

Sasa, vipi Shangazi alifika mahali pa kuvaa nguo za kuazima? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa ilikuwa kama mtaa wa pili. Mtu aliondoka alfajiri, na mchana alikuwa Mwembe Tayari akichagua ringi za pistoni na kula mahamri. Ghafla pale pakawa mbali kuliko Ulaya. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera, na fedha za kigeni zilizokuwepo zikaenda huko. Na hata ungekuwa na fedha, BSA wenyewe walikuwa wameshaanguka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mjomba alikuwa amebaki na mnyama ambaye ukoo wake umekwisha.

Hapo ndipo anapoingia Fundi. Alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Mkewe alimwita Fundi, na imamu alimwita Fundi. Mchana alikuwa mkereza kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, akitengeneza bushi na shafti za korona, ile mashine kubwa inayochakata majani ya mkonge. Jioni alifanya kazi uani kwake Ngamiani, chini ya mkungu, ambapo jiriwa yake ilikuwa imefungwa kwenye kisiki. Ukikaribia ua wake ulinusa mambo matatu kwa mpigo: mafuta machafu ya injini, majani mekundu ya mkungu yaliyolowa, na ile harufu chachu ya mkonge iliyomganda kwenye nguo na isiyotoka kwa sabuni yoyote. Nina miaka kumi na minne, mwaka 1979, nikapelekwa pale niwe spana boi wake. Kazi ya spana boi ni kushika, kuosha, kuleta na kunyamaza.

Fundi alikuwa mtu wa shoto. Ukimwona na tupa mkononi ulidhani unamtazama kwenye kioo. Mikwaruzo aliyoiacha kwenye chuma ililala upande wa kushoto, na mafundi wenziwe wakiokota kipande chochote mjini walijua kimetoka uani kwake. Kipimo chake kilikuwa kijiti cha chelewa. Alikitumbukiza tunduni, akakitia alama kwa ukucha, akakipeleka kwenye chuma kingine. Alikuwa na kipimo cha kiwandani pia, kimefungwa kwenye kitambaa cha kanga, lakini alikitoa siku za mambo makubwa tu, kama watu wanavyotoa vikombe vya wageni.

Siku ya kwanza nilimpelekea bolti nzuri ya Kijapani iliyong'aa, nikaichomeka kwenye fremu ya Shangazi. Ikaingia mizunguko miwili. Wa tatu ukawa mgumu, nikaongeza nguvu. Fundi alisikia kutoka upande wa pili wa ua.

“Simama hapo hapo, mwanangu. Bolti ikianza ubishi, usishindane nayo. Muulize kwanza amezaliwa wapi.”

Akanionyesha kwa kioo cha kukuzia. Nyuzi za bolti za Kiingereza za kale, zile za Whitworth, zimechongwa kwa pembe ya digrii 55, na za milimita kwa pembe ya 60. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Zikikutana mizunguko miwili zinaamkiana, wa tatu zinaanza kulana meno. Hata spana zao zina lugha yake: ya milimita inakutajia upana wa nati, na ya Whitworth inakutajia unene wa bolti iliyo ndani, kwa hiyo spana iliyoandikwa robo inchi ina mdomo mpana kuliko unavyotazamia. Mjini kulikuwa na seti mbili za Whitworth nilizozijua mimi. Moja ilikuwa ya Fundi. Nyingine ilikuwa reli, na ile ya reli huiazimi.

Kwa hiyo kazi yote ya kumvisha Shangazi spea za wengine ilikuwa kazi ya kutafsiri baina ya Waingereza na Wajapani, na mkalimani ni tupa. Nikueleze kabureta, maana hilo ndilo nililolishuhudia tangu mwanzo hadi mwisho.

Ile ya asili, ya Amal, ilikuwa imelika. Kile kizibo kinachopanda na kushuka ndani yake ukipiga mafuta kilikuwa kinacheza kama jino la babu, hewa inapita pembeni, na injini haitulii hata kidogo. Mjomba alipata kabureta ya Honda iliyosalimika kwenye pikipiki iliyogongwa na lori. Nzima, safi, ndogo. Lakini mashimo ya bolti zake yalikaribiana kuliko yale ya silinda ya Shangazi, na koo lake lilikuwa jembamba. Palihitajika kibati cha alumini cha kukaa katikati, kinene kama kidole: mashimo mawili yaongee na Shangazi, mawili yaongee na Honda, na tundu la katikati lianze dogo huku na kutanuka kule, kama faneli.

Alumini ya unene huo ungeipata wapi mwaka ule? Fundi akasema tutayeyusha. Akaleta pistoni mbili mbovu. Hazikutosha. Mjomba akaingia jikoni akatoka na sufuria ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa imeshatoboka. Mke wa mjomba hadi leo, akiwa na miaka themanini na kitu, anashikilia kwamba sufuria ile haikuwa na tundu hata moja. Tukawasha mkaa kwenye shimo, nikavuta mivukuto hadi mikono ikanitetemeka, na alumini ikalegea, ikang'aa kama maziwa yenye utando. Fundi akaimimina kwenye kalibu ya mchanga. Harufu ya mchanga ulioungua naikumbuka hadi sasa, kavu, kama chungu kipya kinapowekwa motoni mara ya kwanza.

Kisha akachonga jioni nne. Mashimo ya upande wa Honda aliyafanya marefu kidogo kwa tupa ya mviringo, ili kibati kiweze kusogezwa unywele mmoja huku au kule. Nilidhani amekosea. Akaniambia ukitengeneza kitu cha kukutanisha wageni, uwaachie nafasi ya kupishana.

Kabureta ikakaa. Shangazi akawaka, akakohoa, akazima. Jeti ya Honda ilikuwa imepimiwa injini ndogo, na Shangazi alikuwa na njaa ya mara nne yake. Fundi akachukua sindano ya cherehani, akaiponda ncha, akainoa iwe kekee nyembamba, akaitanua jeti kwa vidole, mizunguko kumi, jaribu, mizunguko mitano, jaribu. Kila tukirudi barabarani tulifungua plagi na kusoma rangi yake. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi na pistoni itaungua. Tuliyoitaka ni rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Jumatatu akatanua kupita kiasi. Hakusema neno. Akaziba tundu kwa risasi ya kulehemu, akaanza upya. Alhamisi nikafungua plagi, nikamletea kwenye kiganja, ikiwa bado ya moto. Akaitazama, akachota kahawa ya muuza kahawa aliyekuwa akipita na vikombe vyake vikilia, akaiweka kando ya plagi kulinganisha. Basi, ikawa hiyo.

“Mwambie Bwana Shamba aje amchukue Shangazi wake.”

Mke wa mjomba alipousikia mlio umetulia alitoka mlangoni, akasikiliza, akasema, “Alhamdulillahi. Sufuria yangu inakwenda Muheza.”

Mengine yalifuata. Pistoni ya asili ilipokwisha, silinda ilitanuliwa kutoka milimita 82 hadi 84 kwenye mashine ya karakana, ikavishwa pistoni ya Peugeot 404. Watu wa rika langu wanazikumbuka Peugeot zile, zilivyokuwa zikishinda Safari Rally miaka ya sitini. Pini yake haikukubaliana na mkono wa injini, Fundi akakereza bushi ya shaba. Ilizidi urefu, tukainua silinda kwa gasketi nene. Kuanzia hapo Shangazi alitetemeka zaidi, sitakudanganya. Ukifika Muheza mikono inawasha mpaka huwezi kushika kalamu. Lakini ulifika. Kitambaa cha breki kilikatwa kutoka breki ya lori, kikapigwa ribiti za shaba. Waya wa klachi ulitoka kwenye baiskeli ya Phoenix. Taa ya mbele ilikuwa ya trekta, glopu yake ya volti 12 ikinyonya umeme wa volti 6, na mwanga wake ulikuwa wa koroboi. Mjomba hakulalamika. Alisema nyoka na mbuzi wanamwona yeye, hiyo inatosha.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu ya kazi kubwa. Petroli ilikuwa haba, na kwa miaka kadhaa magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Huwezi kufikiri utulivu ule. Kutoka uani ulisikia tupa tu, khrr, khrr, na kengele za baiskeli, na redio ya jirani ikitangaza mpira, na bahari ikipumua mbali. Petroli ikikosekana kabisa, Shangazi alikunywa mchanganyiko na mafuta ya taa. Injini za namna ile zina mgandamizo mdogo, hazichagui. Zilitoa moshi wenye harufu ya jikoni, watoto wakakimbia nyuma wakiuvuta.

Mwaka 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, kila mtu aliogopa hata sabuni yake mwenyewe. Mjomba alikuwa na plagi nne mpya zilizovuka mpaka mfukoni mwa mtu. Plagi nne! Mke wa mjomba akazitumbukiza kwenye pipa la unga wa muhogo na kunyamaza. Wiki kadhaa baadaye tuko mkekani tunakula bada kwa papa, mwiko ukagonga kitu, ukatoka na plagi. Mjomba akaifuta, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaendelea kula. Mwezi Novemba mwaka huo huo mpaka ulifunguliwa, na bado katika nyumba ile hakuna aliyepika bada bila kuchunguza unga kwanza.

Mambo yakabadilika, kama yalivyopaswa. Baada ya 1985, enzi za Mzee Mwinyi, bidhaa zikaingia. Sabuni, kanga, spea. Sisemi ilikuwa vibaya. Aliyepanga foleni ya sukari hawezi kusema hivyo. Mkonge ulikuwa umeshuka tangu kilele chake cha mwaka 1964, kamba za plastiki zimeutia kabari, na karakana ile aliyofanyia kazi Fundi ilifungwa. Mashine ya kukereza aliyoitumia miaka ishirini na tatu ilikatwa kwa gesi na kuuzwa kwa kilo. Alikwenda kuitazama ikipakiwa. Alirudi akakaa chini ya mkungu, na siku ile hakushika tupa.

Alifariki miaka ya tisini, mjomba akamfuata. Nami nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, mtu wa chaki. Kisha bodaboda zikajaa mjini, za Kichina na za Kihindi. Makorora kuna kijana fundi ninayempenda sana, mkono mwepesi, mkarimu. Ukimpelekea kabureta mbovu anaitazama mara moja na kusema, “Hii imekufa, Mzee, chukua nyingine.” Na ni kweli, nyingine ipo dukani, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa bei ambayo Fundi asingeweza kuyeyusha hata sufuria. Kijana hana kosa. Ana watu kumi wanasubiri, na kila mmoja anapoteza hela kila saa anayokaa. Lakini mimi husimama pale nikisikiliza, na sauti ya tupa siisikii.

Shangazi alikaa chini ya paa la makuti nyuma ya nyumba, kuku wakilalia tangi, hadi alipokuja bwana mmoja mpenzi wa pikipiki za kale, akitokea Nairobi. Mtu mwungwana. Alichuchumaa kando yake, akamgusa kama daktari, akaeleza namba za fremu na miaka. Kisha akaanza kuhesabu: kabureta si yake, pistoni si yake, taa si yake, nati hizi si zake. Alitulipa vizuri, na kwa fedha hizo binamu yangu alimsomesha mtoto. Alitaka kumrudisha Shangazi alivyotoka Birmingham, na baadaye alituma picha. Amepakwa kijani cha jeshi. Amependeza. Nilimwonyesha mke wa mjomba, akaisogeza picha karibu na macho, akauliza huyu ni nani.

Pamoja na picha alituma boksi kwa basi. Ndani yake vitu vyetu vyote, kila kimoja amekifunga kwa uzi na kijikaratasi, na kwenye kila kijikaratasi ameandika kwa mkono: si ya asili. Taa ya trekta, si ya asili. Pistoni ya Peugeot, si ya asili. Hakuwa na nia mbaya, na hakulazimika kuvirudisha. Kibati cha kabureta kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye gazeti. Nilikitoa kile kijikaratasi. Vingine nimeviacha navyo.

Sasa kibati kinakaa hapo dirishani, hicho hapo, kishike tu. Wakati wa masika kinapata unyevu na ukikinusa bado kina petroli kwa mbali, au pua yangu ndiyo inayokumbuka. Juzi mjukuu wangu alikigeuza geuza kwenye mwanga, akaniuliza mbona mikwaruzo yote imelala upande mmoja. Nikamwambia kwenye sanduku chini ya kitanda kuna tupa ya mviringo. Aishike kwa mkono wa kushoto, ajaribu.

Akaenda kuitafuta.